Uzi: Kwa nini barua pepe inakataa baadhi ya viambatisho? Kisa cha "BL" iliyokwama ofisini kwetu

Fundi wa Kurasini (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani wapo wengi waliowahi kutuma faili kwa barua pepe likarudi na ujumbe kwamba kiambatisho kimezuiwa kwa sababu za usalama. Wengine wamewahi kusubiri faili ambalo halikufika kabisa. Anayelaumiwa huwa ni mtandao, bando, au kijana wa IT. Mimi ndiye huyo kijana wa IT, na nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wiki iliyopita nusura linifukuzishe kazi.

Niko kwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar. Wanaotoa mizigo bandarini wanajua: kontena likishashuka, siku za bure zinahesabika, zikiisha unalipia kila siku. Hati ikichelewa, hasa BL (bill of lading, yaani hati ya shehena ya meli), ofisi nzima haina amani.

Jumanne asubuhi dada wa nyaraka akaniita: “Kaka, BL ya yule mteja imekwama kwenye barua pepe, wanasema imewekwa karantini.” Kufika pale bosi ameshasimama mlangoni. Nikaangalia ujumbe. Anwani ya mtumaji ni ya mteja wetu kabisa, herufi kwa herufi. Chini yake kuna mazungumzo yetu wenyewe ya mwezi uliopita, namba ya kontena imo, jina la meli limo. Juu wameandika sentensi mbili: nakala ya BL imeambatishwa, nenosiri la kufungulia ni 2211. Kiambatisho chenyewe ni faili la zip, yaani kifurushi cha mafaili, lililofungwa.

Bosi akasema, “Huyu mteja tuko naye mwaka wa sita. Iachie, tufanye kazi.”

Sikuiachia. Ninayo laptopu moja ya zamani, ina Linux, haijaunganishwa na mtandao wa ofisi wala wa simu. Nikalihamishia huko, nikaweka nenosiri, nikafungua. Ndani kulikuwa na faili moja tu, na kwenye kidirisha chembamba jina lake lilisomeka “BL COPY.pdf”. Nikavuta mpaka wa safu kuipanua. Baada ya .pdf kulikuwa na nafasi tupu, nikavuta tena, nafasi tupu, nikavuta mpaka ukingoni mwa kioo. Mwisho kabisa wa jina ndipo zilipokaa herufi tatu: .exe.

Bosi akaja akasimama nyuma yangu. Nikalifungua lile faili kwa programu ya kuandikia maandishi, ili tuone linaanzaje. PDF ya kweli huanza na alama %PDF, hata ukiichungulia namna hiyo utaziona. Hili lilianza na herufi mbili, MZ. Hizo ni herufi za kwanza za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni muundo huo zama za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na mpaka leo kila programu ya .exe ya Windows huanza nazo. BL haikuwemo mle. Kulikuwa na programu iliyokuwa inasubiri dada wa nyaraka abofye mara mbili.

Sasa niseme ninavyolielewa jambo lenyewe. Faili liko la namna mbili. Lipo la kusomwa na lipo la kutenda. Picha, maandishi ya kawaida, wimbo, hayo ni ya kusomwa: programu iliyomo kwenye kompyuta yako inalichukua na kukuonyesha. Faili la kutenda ni amri. Ukilibofya, kompyuta haikuulizi nani kaliandika wala kwa nia gani. Inalipa ruhusa zako wewe: kusoma folda zako, kufuta, kunakili manenosiri uliyoyahifadhi kwenye kivinjari, kutuma barua kwa jina lako. Ni sawa na kumkabidhi mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba, kisha ukarudi kulala.

Huduma ya barua pepe haiwezi kujua nia ya kila aliyeandika. Programu za kuzuia virusi zinajua zaidi vile vilivyokwisha kuonekana, na wahalifu wanabadilisha baiti chache tu kila asubuhi ili faili la jana lisifanane na la leo. Lakini aina ya faili inajulikana papo hapo. Na ukijiuliza ni mara ngapi mtu wa kawaida amehitaji kweli kutumiwa programu nzima kwa barua pepe, utaona ni mara chache mno. Kwa hiyo wameona heri kuikataa aina nzima kuliko kukisia kila faili kisha wakosee mara moja.

Ndiyo maana Gmail, kwa mfano, haipokei .exe, .bat, .cmd, .msi, .vbs, .js, .jar, .lnk, .iso, .apk na mengine kadhaa. Haikubali hata ukiyatia ndani ya zip. Kwenye kisa chetu, zip ilikuwa na nenosiri lakini bado ilinaswa, kwa sababu zip ya kawaida ikifungwa kwa nenosiri hufunga yaliyomo tu. Majina ya mafaili yanabaki wazi, mtu anaweza kuyasoma bila ufunguo. Mashine ilisoma jina mpaka mwisho. Sisi watu tungeishia kwenye .pdf.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye kisa atueleze.

Mwanachuo Dom

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi nina malalamiko. Niko mwaka wa mwisho. Wiki mbili zilizopita nilimtumia msimamizi wangu kazi ya mradi, mafaili ya .js niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mstari kwa mstari. Yakakataliwa. Nikayatia kwenye zip, yakakataliwa. Mimi si mhalifu, na .js ni maandishi matupu, hata simu inaweza kuyafungua na kuyasoma. Kwa nini waniweke kundi moja na hao wezi?

Fundi wa Kurasini

Mdogo wangu, pole, na uchungu wako nauelewa. Kweli .js ni maandishi. Shida iko upande wa pili, kwa anayepokea. Wewe umezoea kuiona JavaScript ikikimbia ndani ya kivinjari, ambako imefungiwa, haiwezi kugusa mafaili ya mwenye kompyuta. Lakini Windows ina kitu kinaitwa Windows Script Host. Mtu akibofya faili la .js lililokaa kwenye folda ya vipakuliwa, halifunguki kwenye kivinjari. Linakimbia palepale kwenye kompyuta kama programu, linaweza kupakua kitu kingine kutoka mtandaoni na kukiwasha. Wahalifu walilitumia sana kwa njia hiyo, wakiliita ankara au risiti, na Gmail ikaanza kulizuia tarehe 13 Februari 2017. Kabla ya hapo ungetuma tu.

Mashine haijui kama .js yako ni ya mradi wa chuo. Weka kazi kwenye hifadhi ya msimbo kama GitHub umpe msimamizi kiungo, au weka kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni. Tafadhali usibadilishe .js kuwa .txt kisha ukamwambia mwalimu airudishe jina. Utakuwa unamzoesha mtu mzima kufanya kitu ambacho kesho mwizi atamwomba akifanye.

Mzee wa Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimesoma hapa nikakumbuka mbali, nikaona niandike, kwa sababu vijana hawakuiona ile siku.

Mwezi wa Mei mwaka 2000 nilikuwa karani katika ofisi ya watalii. Tulikuwa na kompyuta tatu, moja ndiyo ilikuwa na barua pepe, kwa laini ya simu ile ya kupiga kelele kabla ya kushika. Nikaona barua kutoka kwa mtu wa Ulaya tuliyekuwa tukishirikiana naye, mtu mzima mwenye heshima zake. Kichwa cha barua kilisema ILOVEYOU. Nilishangaa, lakini nikadhani labda ni mambo ya wazungu. Ndani kulikuwa na kiambatisho, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Hivyo ndivyo nilivyokiona kwa macho yangu, kimeishia TXT. Nikakifungua.

Sikuona barua yoyote. Baada ya muda mfupi ile taa ya modemu ikawa inawaka bila kusimama. Na nilipokwenda kwenye folda ya picha zetu, picha za hoteli, za fukwe, za safari ya Tsavo, tulizokuwa tumeziskani moja moja kwa ajili ya vipeperushi, kila moja ilikuwa imegeuka alama nyingine. Jina lilikuwa lilelile, lakini picha haikuwamo tena. Kazi ya miezi minne. Hatukuwa na nakala pengine.

Na hilo si lililoniuma zaidi. Kilichoniuma ni simu zilizoanza kuingia kesho yake kutoka kwa wateja, wakiniuliza kwa upole kwa nini nimewaandikia kwamba nawapenda.

Fundi wa Kurasini

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana kwa kutuandikia. Nataka nieleze kilichokupata, maana orodha ya mafaili yanayozuiwa leo ilianzia hapo hasa.

Jina kamili la kile kiambatisho lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa imewekwa tangu kiwandani ifiche mkia wa jina wa aina za mafaili inazozijua, na mpaka leo ndivyo ilivyo mpaka mwenyewe ubadilishe. Kwa hiyo .vbs ilifichwa, ukabaki na TXT, ambayo ni ya maandishi, haina madhara. Hukuwa mzembe mzee. Kompyuta yenyewe ilikuonyesha jina pungufu.

Vile virusi vilianzia Manila, Ufilipino, tarehe 4 Mei 2000. Vikishaingia, vinachukua kitabu cha anwani cha Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, na kujituma kwa watu wote waliomo. Ndiyo maana ilikufikia kutoka kwa mtu unayemjua, na ndiyo maana wateja wako nao waliipata kutoka kwako. Picha za JPG zilifutwa na mahali pake kukawekwa nakala ya virusi yenye jina lilelile na .vbs mwishoni. Nyimbo za MP3 zilifichwa tu. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe yake siku hiyo. Aliyeviandika, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, na miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitaka kuiba manenosiri ya intaneti ili aingie mtandaoni bila kulipia. Kesi haikusimama, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya makosa hayo. Sheria ilipitishwa mwezi uliofuata.

Mwezi huohuo wa Juni 2000 Microsoft walitoa sasisho la usalama la Outlook lililozuia kabisa kufungua viambatisho vya aina kama .exe na .vbs. Watu walilalamika sana, wakasema wanatendewa kama watoto. Lakini ukiangalia yaliyompata mzee wetu, nani angewaambia waache?

Kibuyu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini mimi naona haya ni mambo ya biashara. Wanazuia mafaili makusudi ili utumie Drive yao, ijae, kisha ulipie nafasi. Mbona faili la MB 30 halipiti hata kama ni video ya harusi? Video nayo ni virusi?

Fundi wa Kurasini

Mkuu Kibuyu, swali lako ni zuri na linachanganya watu wengi, kwa hiyo nitalitenganisha. Kuna kukataliwa kwa ukubwa na kuna kukataliwa kwa aina. Video yako ya harusi ilikataliwa kwa ukubwa tu. Gmail inaishia MB 25.

Na hata hizo MB 25 hupati zote. Barua pepe ilitengenezwa kubeba herufi, haikutengenezwa kubeba picha. Viambatisho tunavyovijua vililetwa na utaratibu unaoitwa MIME, mwaka 1992. Nathaniel Borenstein, mmoja wa waliouandika, alituma cha kwanza tarehe 11 Machi mwaka huo: picha ya kikundi chao cha waimbaji wanne, pamoja na sauti yao. Ili picha ipite kwenye bomba la herufi, kila baiti tatu zinaandikwa upya kuwa herufi nne. Faili linanenepa kwa theluthi moja. Kwa hiyo video ya MB 20 ikiwa njiani inazidi MB 26, ikifika mlangoni imeshapita kipimo.

Kuhusu biashara, sikatai kwamba kampuni hutafuta faida. Lakini angalia miaka. Outlook ilianza kuzuia mwaka 2000. Gmail yenyewe ilizaliwa 2004, na Google Drive 2012. Hofu ya .exe ilikuwepo miaka 12 kabla ya hiyo Drive.

Mama Hesabu

Habari zenu. Mimi ni mhasibu, na nina swali la kweli. Benki inatutumia taarifa ya akaunti kila mwezi ikiwa PDF yenye nenosiri, inafika bila shida. Lakini mimi nikitia mishahara ya wafanyakazi kwenye zip yenye nenosiri, mara nyingine inazuiwa. Mimi nililiweka nenosiri kwa ajili ya usalama! Sasa usalama gani huu unaozuia usalama?

Fundi wa Kurasini

Dada, hili ndilo nililokuwa nataka mtu aulize.

Nenosiri linafunga mlango kwa kila mtu, na mkaguzi akiwemo. Mashine ya barua pepe inapopokea zip ya kawaida inaifungua, inaangalia kila kilichomo, na huduma nyingine hulifungua faili ndani ya kompyuta ya bandia iliyotengwa waone litafanya nini. Ukiweka nenosiri, inabaki imeshika kasha asilolijua mtu. Wahalifu waliligundua hilo zamani. Mwaka 2004 kulikuwa na virusi vinaitwa Bagle, vilivyojituma ndani ya zip yenye nenosiri, na nenosiri lenyewe limeandikwa kwenye barua. Programu za kuzuia virusi zilipojifunza kulisoma kutoka kwenye maandishi, wakaanza kulituma likiwa picha. Angalia ile barua iliyotufikia: nenosiri 2211 limeandikwa palepale chini ya pua. Mtu mwenye siri ya kweli hatundiki ufunguo kwenye kufuli. Nenosiri lile lilikusudiwa kumfungia nje mkaguzi, si mwizi.

PDF ya benki ni kitu kingine. Nenosiri lipo, lakini inajulikana kwamba ni PDF, na itafunguliwa na msomaji wa PDF tu. Zip inaweza kubeba chochote. Sisemi PDF ni malaika, inaweza kubeba kiungo kibaya, lakini uzito wake si sawa na .exe.

Kwa mishahara: funga faili la Excel lenyewe kwa nenosiri, au liweke kwenye folda ya mtandaoni uliyomruhusu mtu mmoja tu kwa anwani yake. Na nenosiri lipelekwe kwa njia nyingine, mpigie simu umtajie. Usiliandike kwenye barua ileile.

Mama Hesabu

Nimekuelewa. Na hizo Excel zenye makro? Mkandarasi wetu hututumia fomu ya .xlsm, juu inatokea bendera nyekundu, makro hazifanyi kazi, tunaambiwa twende kwenye sifa za faili tuweke tiki. Tumekuwa tukiweka tu.

Fundi wa Kurasini

Hapo dada ukae sawa, maana jibu lake ni refu kidogo.

Nimesema kuna faili la kusomwa na faili la kutenda. Hati ya ofisi yenye makro ni vyote viwili: unaisoma, na ndani yake kuna amri. Ndiyo maana inasumbua. Huwezi kuikataza kabisa kwa sababu watu wana kazi za haki za makro, na huwezi kuiachia ovyo. Tarehe 26 Machi 1999, mwaka mmoja kabla ya kisa cha mzee wa Likoni, virusi vinaitwa Melissa vilisambaa ndani ya hati ya Word. Ukiifungua, makro inajituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu chako cha anwani. Seva za makampuni zililemewa na barua. David L. Smith wa New Jersey alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa kazi hiyo.

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, kilichomlinda mtu kilikuwa onyo lenye kitufe kinachosema “Washa”. Na mwizi aliandika ndani ya hati, kwa herufi kubwa, kwamba ili uione vizuri bofya pale juu. Watu walibofya.

Mwaka 2022 Microsoft waliamua kwamba makro za mafaili yaliyotoka mtandaoni zisiwake kabisa. Windows inajuaje faili limetoka mtandaoni? Ukipakua kitu, inakibandika alama ndogo usiyoiona. Ukiifungua hiyo alama utakuta imeandikwa ZoneId=3, maana yake: hiki kimetoka intaneti. Hiyo tiki mnayoweka kwenye sifa za faili ndiyo inayoifuta. Mkandarasi anawaambia mfute alama ya asili ya faili.

Na wahalifu hawakukaa. Walianza kutuma .iso, ambayo ni sura ya diski nzima. Windows ya siku hizi ukiibofya inafunguka kama sidii, na mafaili yaliyomo hayakuwa yanarithi ile alama, mpaka Windows ilipoziba tundu hilo Novemba 2022. Wakahamia kwenye .lnk, zile njia za mkato, zinazoweza kubeba amri ndani yake na kuvaa sura ya folda. Kisha wakaingia kwenye madaftari ya OneNote, nayo yakawekewa vizuizi mwaka 2023. Ukiisoma orodha ya Gmail ukijua hayo, unaona kila herufi tatu pale zina watu waliokwisha umia.

Fomu ya mkandarasi: mpigie simu kwa namba mliyonayo kwenye mkataba, hakikisha ni yake, na mwombe atoe fomu isiyo na makro. Fomu nyingi hazizihitaji.

Nyota ya Tanga

Mimi ni mwalimu, sina kompyuta, kila kitu nafanyia simu. Kuna kundi letu la WhatsApp, mtu katuma faili la .apk akasema ni programu ya matokeo. Barua pepe ingelizuia, WhatsApp imelileta. Kwa hiyo ni salama?

Fundi wa Kurasini

Mwalimu, nashukuru umeuliza kabla ya kusakinisha. Hapana, kufika kwake si ushahidi wa usalama. .apk kwa Android ni sawa na .exe kwa Windows: ni programu kamili. Gmail inaizuia, WhatsApp inaibeba kama hati nyingine yoyote. Mlinzi anayebaki ni simu yako. Itakuuliza kama unaruhusu kusakinisha kutoka vyanzo visivyojulikana. Na hata ukipita hapo, angalia inaomba ruhusa gani. Programu ya matokeo ya mitihani haina sababu ya kuomba kusoma SMS zako. Ikizipata SMS, inazipata na zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na huduma za fedha za simu. Lifute, na wataarifu wenzako kundini bila kumwaibisha aliyelituma. Huenda naye alitumiwa.

Mzee wa Likoni

Fundi, hujatuambia mwisho wa ile BL. Yule mteja alikuwa mwizi?

Fundi wa Kurasini

Hapana mzee wangu. Tulimpigia kwa namba iliyoko kwenye faili lake la zamani, ile ya kwenye barua hatukuigusa. Akashtuka. Hakuwa ametuma chochote siku hiyo. Tukamwomba aangalie folda ya zilizotumwa, haikuwa na kitu, ila kwenye mipangilio ya barua pepe yake kulikuwa na kanuni asiyoijua, inayozifuta barua za kumwuliza “mbona umetutumia hiki?” kabla hajaziona. Mtu alikuwa amekaa ndani ya akaunti yake, anasoma mazungumzo yake na mawakala wote, anajibu ndani ya mazungumzo yaleyale. Ndiyo maana namba ya kontena ilikuwa sahihi. Amebadilisha nenosiri, amewasha uthibitisho wa hatua mbili, na ametumia siku nzima kuwapigia watu simu mmoja baada ya mwingine. Mawakala wawili walikuwa wameshalifungua.

BL ya kweli ilifika Alhamisi, PDF ya kawaida ya KB 340. Tumelipia siku moja ya ziada bandarini. Bosi alisaini malipo hayo bila kusema neno, na jana aliniita akaniuliza ile laptopu ya zamani inahitaji betri mpya au vipi.

Mwanachuo Dom

Wakuu, taarifa tu. Nimeweka mradi kwenye GitHub, nimempa msimamizi kiungo. Amefungua leo mchana, na ameniandikia kwamba ukurasa wa tatu wa maelezo una makosa. Nashukuru sana Fundi.